Kidonge cha Mwangwi: Jina na Chombo Chake

Kidonge cha mwangwi ni chombo kidogo kinachokusudiwa kumezwa na mgonjwa ili kichore picha ya ukuta wa utumbo kwa sauti isiyosikika badala ya mwanga. Kwa nje kinafanana na kidonge cha kamera ambacho hospitali zimekitumia tangu mwaka 2001. Tofauti iko katika kile kinacholetwa na kila kimoja. Kamera huona uso wa utando wa ndani na kuishia hapo. Mwangwi hupenya uso huo na kurudi na habari za tabaka zilizofichika chini yake. Jina la Kiswahili la chombo hiki linapaswa kuibeba tofauti hiyo, na neno la kuibeba limo katika lugha siku nyingi.

Katika mtaa wa Bwiza, komini ya Mukaza jijini Bujumbura, Kiswahili kinasemwa njiani, dukani na nyumbani sambamba na Kirundi, huku karatasi za hospitali zikiandikwa Kifaransa. Mama mjamzito akitoka kupimwa husema amefanya ekografi, au kwa mkato, eko. Mwenzake wa Dar es Salaam au Mombasa husema amepiga altrasaundi. Wote wawili wamelala chali, wamepakwa jeli ya baridi tumboni, na mpimaji amepitisha juu yake kifaa chenye waya huku macho yake yakiwa kwenye skrini. Kipimo ni kimoja. Majina ndiyo mawili, moja limetoka kwa Wafaransa na Wabelgiji, jingine kwa Waingereza.

Majina hayo hayasemi jambo moja. Altrasaundi hutaja aina ya sauti, yaani sauti iliyovuka mpaka wa sikio la binadamu, ambalo halisikii zaidi ya mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Eko hutaja kinachotokea kwa sauti hiyo, kwamba inagonga kitu na kurudi. Eko ni mwangwi. Mama wa Bwiza anayesema amefanya eko amekwisha kusema mwangwi kwa Kifaransa, na akiambiwa "picha ya mwangwi" haongezewi dhana mpya, anapewa tu neno la lugha yake mwenyewe. Hata mwanafunzi wa Tanzania analijua neno hilo kutoka somo la sayansi, pale anapofundishwa kwa nini ukipiga kelele mbele ya jabali sauti hurudi.

Tafsiri nyingine zinazosikika zina kasoro. "Mawimbi ya sauti" ni kweli, ila ni pana mno, maana hata mazungumzo ya watu wawili barazani ni mawimbi ya sauti. "Sauti ya juu" inapotosha kabisa. Katika Kiswahili anayesema kwa sauti ya juu anapaza sauti, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuogopa kwamba mtoto aliye tumboni anapigiwa kelele. "Sauti isiyosikika" ni sahihi na inafaa kitabu cha fizikia, lakini haielezi picha inapatikanaje. Mwangwi unaeleza.

Kazi yenyewe huanzia kwenye fuwele. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Baadaye ikathibitika kwamba zikipewa umeme nazo hutetema. Fuwele moja basi huweza kuwa mdomo na sikio kwa pamoja: hutuma mlio, hunyamaza, kisha husikiliza. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za tumbo zilizopatikana kwa njia hiyo, na tangu hapo kipimo hiki kikaenea katika wodi za uzazi duniani. Ndani ya nyama laini sauti husafiri mita 1,540 hivi kwa sekunde. Mwangwi ukitoka kina cha milimita tatu, safari ya kwenda na kurudi ni milimita sita, nao hufika baada ya sehemu nne hivi za milioni za sekunde. Mashine hupima muda huo, huugeuza kuwa umbali, na kwa kurudia maelfu ya mara huchora picha.

Jeli ya baridi nayo ina sababu. Sauti ikikutana na hewa hurudi karibu yote, haipenyi. Jeli huiondoa hewa iliyo kati ya kifaa na ngozi. Jambo hili dogo ndilo litakaloleta taabu kubwa ndani ya utumbo, mahali penye gesi nyingi.

Swali la haki ni hili: ikiwa mwangwi unaweza kutumwa kutoka nje ya tumbo, kwa nini mtu amezeshwe chombo? Jibu liko katika urefu wa wimbi. Kifaa cha kupima kutoka nje hutumia mitetemo kama milioni 3.5 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa milimita 0.44 hivi. Ukuta wa utumbo una unene wa milimita mbili au tatu tu, nao una tabaka kadhaa: utando wa ndani, tabaka la chini yake lenye mishipa ya damu, misuli, na ngozi nyembamba ya nje. Kuzitofautisha tabaka hizo kwa wimbi la urefu huo ni kama kupima uzi kwa rula ya fundi seremala. Mitetemo ikipandishwa hadi milioni 30 wimbi hufupika na kuwa milimita 0.05, na tabaka huonekana wazi. Lakini sauti ya namna hiyo huzimika baada ya milimita chache. Anayetaka kuitumia lazima akisogeze kifaa hadi kiuguse ukuta wenyewe.

Safari ya kuingia ndani ilianza kwa mirija. Mwaka 1868 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alimtumia mmeza panga wa maonyesho kujaribu bomba la kutazamia tumbo. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha mrija unaopinda wenye nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, na kipimo kikawa kinavumilika. Mwaka 1980 watafiti waliripoti kuweka kifaa cha mwangwi kwenye ncha ya mrija kama huo. Hata hivyo mrija huingia kwa kusukumwa, ama kutoka mdomoni ama kutoka njia ya haja, na katikati hubaki utumbo mwembamba, wenye urefu wa takriban mita sita na mikunjo isiyohesabika.

Pengo hilo ndilo lililozaa kidonge cha kamera. Gavriel Iddan, mhandisi wa Israeli, na Paul Swain, daktari wa London, walikifikiria kila mmoja kwa njia yake, wakaungana, na mwaka 2000 matokeo yao yalitangazwa katika jarida la Nature. Mwaka uliofuata Marekani iliidhinisha kitumike kwa wagonjwa. Kilikuwa na urefu wa milimita 26 na upana wa milimita 11, kikapiga picha mbili kila sekunde kwa muda wa saa nane hivi, zaidi ya picha 50,000 zilizorushwa kwa redio hadi kwenye kinasa kilichofungwa kiunoni.

Hapa neno endoskopi linahitaji kuangaliwa. Limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ndani na kutazama. Bujumbura wengi hulijua kwa jina la fibroskopi, kutokana na zile nyuzi za kioo. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa sana, kuchungulia, yaani kutazama ndani kupitia tundu, na kidonge cha kamera kweli huchungulia. Kidonge cha mwangwi hakitazami chochote. Hutuma mlio na kusikiliza. Kukiita "endoskopi ya altrasaundi" ni kusema kutazama kwa sauti, mgongano ambao lugha za Ulaya zimeuzoea lakini Kiswahili hakilazimiki kuuiga. "Uchunguzi" ni neno pana zaidi, halidai jicho, ndiyo maana istilahi kamili inayopendekezwa hapa ni uchunguzi wa utumbo kwa kidonge cha mwangwi. Kwa wingi, vidonge vya mwangwi.

Faida ya kuona chini ya uso si jambo la mbali kwa watu wa Bujumbura. Kando ya Ziwa Tanganyika na katika bonde la Rusizi kuna kichocho cha tumbo, na katika miaka ya 1980 mtafiti Mbelgiji Bruno Gryseels na wenzake wa Burundi waliuchunguza kwa kina ueneaji wake bondeni humo. Minyoo huishi katika mishipa ya damu inayouzunguka utumbo. Baadhi ya mayai hupenya ukuta na kutoka na choo; mengine hunasa ukutani au huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, ambako huacha makovu kando ya mishipa. Damu ikikosa njia hutafuta nyingine, mishipa ya umio huvimba, na mgonjwa huweza kutapika damu ghafla. Mwangwi wa kutoka nje umekuwa chombo kikuu cha kuyaona makovu hayo ya ini. Mwaka 1996 wataalamu waliokutana Niamey chini ya Shirika la Afya Duniani walikubaliana namna ya kuyapima. Ukuta wa utumbo wenyewe, penye mayai, hauonekani kwa ubora huo kutoka nje.

Utafiti wa kidonge cha mwangwi umesonga mbele hasa Uingereza, katika mradi uitwao Sonopill uliovikutanisha vyuo vikuu vya Glasgow, Dundee, Heriot-Watt na Leeds. Mwaka 2019 watafiti wake walieleza katika jarida la Science Robotics jinsi walivyokiongoza kidonge ndani ya utumbo mpana wa nguruwe kwa sumaku iliyoshikwa na mkono wa roboti nje ya mwili. Kidonge hicho kilikuwa na upana wa milimita 21 na urefu wa milimita 39, kikubwa kuliko koo la mtu linavyoweza kukubali kwa urahisi. Ugumu mkubwa ulikuwa ule ule wa jeli: kikielea katika gesi hakisikii kitu. Suluhisho lao lilikuwa kuufanya mwangwi wenyewe uwe kiongozi. Mwangwi ukififia, roboti hukisogeza kidonge hadi kiuguse tena ukuta. Yapo pia matatizo ya umeme, kwa sababu kutuma na kupokea sauti kunahitaji nguvu ambayo betri ndogo huimudu kwa shida, na ya upande, kwa kuwa fuwele moja husikia upande mmoja tu wa utumbo ulio mviringo.

Neno kidonge nalo lina hatari yake. Warundi husema ikinini, jina lililotokana na kwinini. Watanzania husema tembe, kapsuli, au dawa ya rangi mbili. Yote hayo humfanya msikilizaji afikirie dawa, kitu kinachoyeyuka na kuponya. Chombo hiki hakiyeyuki wala hakiponyi, na mahali palipobanwa na kovu, kwa mfano kovu la kifua kikuu cha utumbo, kinaweza kukwama. Jina lisiachwe kwa ajili hiyo, kwa sababu kila mtu anajua kidonge humezwa. Liandamane na maelezo. Yeyote atakayeandika fomu ya Kiswahili kwa mgonjwa wa kidonge cha kamera leo, au cha mwangwi kesho, aandike mambo matatu kwa herufi kubwa: hiki si dawa, kitatoka chenyewe na choo, na kabla hakijatoka, mgonjwa asiingie kwenye mashine ya picha ya sumaku, ile inayoitwa IRM Bujumbura na MRI Dar es Salaam.