Kifungashio laini: Kinga ya bidhaa, mzigo wa taka

KIFUNGASHIO laini ni pakiti au mfuko wa plastiki, karatasi au alumini nyembamba unaohifadhi bidhaa kama vile kahawa, maziwa ya unga na sabuni. Ubunifu wake hauanzi na rangi wala nembo, bali na maadui wa bidhaa, yaani unyevu, oksijeni na mwanga.

Mfuko wa kahawa iliyokaangwa, kwa mfano, aghalabu huwa na matabaka matatu. La nje hupokea wino, la kati la alumini huzuia hewa na mwanga, na la ndani la polithini huyeyuka kwa joto na kuufunga mfuko. Kwa kuwa kahawa hiyo huendelea kutoa hewa ya ukaa, mfuko huwekewa valvu inayoitoa bila kuruhusu oksijeni kuingia. Pasipo valvu, mfuko hufura na huweza kupasuka.

Hata hivyo, matabaka yaliyogandishwa pamoja ni vigumu kuyatenganisha na kuyarejeleza. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Juni 1, 2019, vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa viliachwa nje ya katazo hilo. Baadhi ya watengenezaji sasa hutumia plastiki ya aina moja, ambayo ni rahisi zaidi kurejelezwa, ingawa mara nyingi haizuii oksijeni kwa kiwango cha alumini.