Jinsi nyota wenza hugunduliwa karibu na sayari za mbali

WAKAZI wa Kibera na Kawangware, Nairobi, wakitazama kusini mwendo wa saa tatu usiku mapema Juni, huona nyota angavu iitwayo Rigil Kentaurus. Kwa jicho ni nukta moja. Kwa hakika ni nyota mbili zinazozungukana kwa takriban miaka 80. Ya tatu, Proxima, iligunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes akiwa Johannesburg. Sayari yake ya kwanza ikathibitishwa mwaka 2016.

Karibu nusu ya nyota zinazofanana na jua letu zina mwenza. Ugumu wa kumwona unafahamika mitaani: koroboi iliyo kando ya taa ndefu ya 'mulika mwizi' haionekani kutoka mbali. Vivyo hivyo, nyota angavu humeza mwanga wa jirani yake.

Jambo hili si dogo. Sayari nyingi hutambuliwa pale nyota inapofifia kidogo sayari ikipita mbele yake. Iwapo nyota mbili zenye mwanga sawa zitahesabiwa kuwa moja, sayari inayozunguka mojawapo huwa kubwa kwa takriban mara 1.4 kuliko ilivyokadiriwa. Hivyo, inayodhaniwa kuwa ya mawe kama Dunia huenda ikawa ya gesi. Aidha, nyota mbili zinazozibana huweza kuiga dalili za sayari isiyokuwapo.

Wanaastronomia hutumia njia kadhaa. Kwanza, darubini kubwa zenye vioo vinavyojirekebisha huondoa mtetemo wa hewa na kutenganisha nyota zilizokaribiana. Pili, mwanga hutawanywa katika rangi zake. Rangi zikisogea huku na huko, nyota inavutwa na kitu kingine. Tatu, hupimwa jinsi nyota inavyoyumba angani. Kwa njia hiyo, mwaka 1844 Friedrich Bessel alieleza kwamba Sirius ina mwenza asiyeonekana, naye Alvan Graham Clark akamwona mwaka 1862. Chombo cha Ulaya cha Gaia, kilichorushwa mwaka 2013 na kufanya kazi hadi 2025, kilipima nyota zaidi ya bilioni moja kwa namna hiyo.

Kenya nayo ina nyota yake katika orodha hii. Mwaka 2019, HD 83443 ilipewa jina Kalausi, yaani kimbunga cha vumbi kwa Kijaluo, na sayari yake ikaitwa Buru, yaani vumbi. Buru huzunguka kwa takriban siku tatu. Mwaka 2000 ilitangazwa pia sayari ya pili hapo, lakini vipimo vya baadaye havikuithibitisha. Mwaka 2022, baada ya vipimo vya miaka mingi, ilitangazwa nyingine inayozunguka kwa takriban miaka 22.

Kalausi haionekani kwa macho matupu. Hata hivyo, mwezi wa Aprili, mbali na taa za mitaani, darubini ndogo ya mkononi inatosha kuifikia.