Nani Kasema Kiswahili Hakina "Better"?

Juma hili naomba tuzungumze habari za neno moja la Kiingereza, neno "good". Lina vituko. Mtoto hufundishwa "good", akishalizoea huambiwa kwamba kitu kikizidi chenzake huwa "better", na kikivizidi vyote huwa "best". Maneno matatu, na la kwanza halifanani kabisa na hayo mawili, nayo ni sifa ile ile moja. Basi mtoto wa Tanga, aliyekulia katika lugha ambayo kizuri hubaki kizuri hata kikishinda vyote, husimama darasani akasema "more better". Darasa zima likaangua kicheko, na kicheko cha mwalimu kikawa kikubwa kuliko vyote.

Kicheko hicho ndicho ninachotaka kukihoji leo, maana kina historia, na sehemu ya historia hiyo imepitia Raskazone.

Raskazone, kwa wasioijua Tanga, ni ile rasi iliyo mashariki ya mji, penye upepo wa bahari na nyumba kubwa kubwa. Hapo ndipo Waingereza walipoanza kushuka usiku wa tarehe 2 Novemba 1914 ili kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani. Walikuwa kiasi cha 8,000, wengi wao askari kutoka Bara Hindi. Upande wa pili, askari wa Kiafrika pamoja na Wajerumani wao, walikuwa kama 1,000 hivi. Kwa hesabu ya Kiingereza, waliokuja walikuwa "more" na "stronger". Lakini tarehe 5 walipanda meli zao wakaondoka, wakaacha nyuma bunduki na risasi zipatazo 600,000. Nyuki nao walishiriki, ila hiyo ni hadithi ya juma jingine. Waingereza waliurudia mji mwaka 1916, safari hiyo wakaupata, na lugha yao ikaingia pamoja nao.

Haikukuta watu bubu. Walikuwapo vijana wa Tanga waliokwisha kukutana na lugha mbili nyingine ambazo sifa hugeuka umbo inapozidi. Moja ni Kiarabu, walichokisoma chuoni. Nyingine ni Kijerumani, kilichokuwa somo katika shule ya serikali ya Tanga, shule iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1890 na ambayo lugha yake ya kufundishia ilikuwa Kiswahili. Mjerumani naye husema "gut", halafu "besser". Kwa hiyo "better" ilipofika ilikuwa ni ndugu wa mtu aliyekwisha kupita hapa.

Kiarabu ndicho kilichoacha alama. Litazame neno "afadhali". Tunalisema kila siku bila kulifikiria: mgonjwa ana afadhali, afadhali tuondoke. Asili yake ni "afdhal", na kwa Kiarabu neno hilo tayari ni umbo la kuzidi, bora zaidi. "Aula", "aghalabu" na "akali" ni vivyo hivyo. Waswahili walikipokea chakula kikiwa kimekwisha kupikwa, jiko wakaliacha kwa wenyewe. Hawakuichukua kanuni ya kuunda maneno ya namna hiyo. Wala hawakutosheka nayo, kwani husema "hii ni afadhali kuliko ile". Yaani bora zaidi, halafu tena kuliko! Hiyo ni nini kama si "more better"? Na sijasikia mtu kuchekwa kwa ajili hiyo.

Sasa huyu anayecheka, tumwulize habari za Kiingereza chenyewe. Shakespeare, katika mchezo wa Julius Caesar, ule ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri ukachapwa mwaka 1963, anampa Antony sifa yenye "most" mbele na "-est" nyuma kwa pamoja, tena katika hotuba nzito mbele ya maiti ya Kaizari. Waliokuja kupiga marufuku mtindo huo ni wanasarufi wa baadaye, miongoni mwao Robert Lowth katika kitabu chake cha mwaka 1762. Hata hivyo mengine yaliwaponyoka. "Less" yenyewe tayari ni kidogo zaidi, nao wakaifunga mkia wa pili ikawa "lesser". Wale heroe wadogo wanaozaliana Ziwa Natron, Kiingereza huwaita "lesser flamingo", na hakuna mtalii anayekatwa alama. "Near" nayo zamani ilikuwa ni umbo la kuzidi. Wenyewe wakasahau, wakaongeza juu yake, ikawa "nearer".

Tuje kwetu. Edward Steere, aliyetoa kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, alikuta sifa zisizobadilika kwa kuzidi. Wako waliotoka hapo wakidhani kwamba basi lugha imepungukiwa. Mimi nakataa. Lichambue neno "kuliko": ku-li-ko, yaani pale penye. Juma ni mrefu kuliko Ali, maana yake Juma ni mrefu pale alipo Ali. Msemaji hakuugusa urefu wenyewe. Amewasimamisha watu wawili mbele yako, utazame kwa macho yako. Akitaka mashindano anayo maneno yake: amempita, amemzidi, amemshinda.

Na nyumbani je? Kiingereza kina "older" na kina "elder", na wanafunzi wameadhibiwa sana kwa kuyachanganya hayo mawili. Mswahili huongeza "wangu" tu, akamaliza. Mtu mkubwa ni habari moja, mkubwa wangu ni habari nyingine. Huenda ana miaka minane, mradi mimi nina sita. Mwenye kuwatangulia wote ni kifungua mimba, na wa mwisho kabisa ni kitinda mimba. Kila upeo una jina lake.

Sisemi mtahini aipe "more better" alama. Kanuni ya mtihani ni kanuni. Lakini masomo mengi ya sekondari nchini bado hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyechekwa saa mbili katika somo la lugha hatanyosha mkono saa nne katika somo la biolojia, hata kama jibu analo. Alama moja ya sarufi si kitu mbele ya hasara hiyo. Laiti mwalimu angetumia dakika mbili kumweleza kwamba ametafsiri "bora zaidi" neno kwa neno, na kwamba Waingereza walikwisha kupita njia hiyo hiyo kabla yake.

Na "best" je? Imekwisha kuingia mitaani. Vijana wameichukua, wakaitia irabu mwishoni, ikawa "besti", wala haina tena maana ya kushinda wengine. Maana yake ni rafiki. Ndiyo sababu kijana anaweza kuwa na mabesti watano, halafu akakuonyesha mmoja wao, bila haya yoyote, akakwambia kwamba huyu ndiye besti wake kuliko wote.