GTA: Uanze na gani? San Andreas kwanza, hizo zingine zitangoja

Wasee wa 56, tuongee GTA. Kuna wale huuliza ka ni lazima waanze na ile ya kwanza ndio waelewe stori. Zii. Hii si soap ya Kimexico ati ukikosa siku moja umepotea.

Ile ya kwanza kabisa ilitoka 1997, ikatengenezwa Scotland na DMA Design, wale siku hizi wanaitwa Rockstar North. Unaona barabara ukiwa juu ka ndege, ndai ni ka kiberiti. Iangalie YouTube dakika tano, umemalizana nayo.

Yenye unafaa kujua ni hii: GTA III (2001), Vice City (2002) na San Andreas (2004) ziko kwa dunia moja. GTA IV (2008) na GTA V (2013) ziko kwa ingine, stori ilianzishwa upya hata ka majina ya mitaa ni yale yale. Ukiingia V ukitafuta CJ, utangoja sana. Na hata hizo tatu za kitambo hazifuati namba: Vice City ni stori ya 1986, San Andreas ni ya 1992, na III yenye ilitoka kwanza ndio ya mwisho.

So anza na San Andreas. CJ anarudi mtaa kuzika mathe yake, na kabla afike keja, karao mchafu ashamdaka na kumpora doo. Mtaa umeoza, mabeste wametawanyika. Msee amekulia Gatina ama Makina hahitaji kuelezewa hiyo part. Alafu CJ ukimlisha burger sana ananona, ukimpeleka gym anajengeka. Mwanzo uko na baiskeli tu, mwisho unarusha ndege. (Shule ya ndege itakutoa machozi. Vumilia.)

Ingine, inaingia mahali ingi. Lapi ya kitambo yenye RAM ya MB 256 ilikuwa inaibeba, PS2 ndio nyumbani kwake, na kwa simu imekuwa tangu Desemba 2013. Kwa simu lakini vidole ndio huziba skrini, so ka unaeza pata pedi, tumia pedi. Ile ya kurembeshwa ya 2021 ilitoka na kasoro mingi mpaka Rockstar wakaomba msamaha, na inataka mashine ya nguvu. Tafuta ile original.

Sasa ka unacheza kwa base, skiza vizuri juu hapa ndio doo hupotelea. San Andreas husevu tu ukiwa kwa keja ya CJ. Masaa yako ikiisha ukiwa barabarani, hiyo pesa imeenda. Na kuna chiti ya kufanya mtaa wote uchape vita. Ukiisevu, haitoki tena. Mimi nilikuwa nimefika San Fierro na pesa ya lunch ya kolej, wiki mbili nzima. Kurudi napata katoto fulani kameload sevu yangu, kameweka hiyo chiti, kakasevu juu yake. CJ anatoka nje anachapwa na mashosho. Nilianza upya, kutoka kwa baiskeli. So nunua memori kadi yako ya PS2, ile ya MB 8, utembee nayo kwa mfuko.

Huna kadi na base iko na PS4? Hapo sawa, anza na V. Unasevu na simu ya mchezaji ukiwa popote, bora usiwe kwa misheni. Kwa lapi yako nayo fikiria mara mbili: ilipotoka kwa PC 2015 ilikuwa inataka GB 65 za nafasi na RAM ya GB 4 kuenda juu. Hiyo si ya bundles, hiyo ni ya wifi ya mtu anakupenda.

IV ni tamu, stori ya Niko ni nzito, lakini ndai zake huyumba ka mat imebeba kupita kiasi. Iwekee baadaye. Vice City ni fupi, ukimaliza San Andreas ndio uingie hiyo.

Na zote ni za miaka 18 kuenda juu, so usimwachie kabro wa nursery pedi ati unaenda kununua smokie.