Kifungo Kwenye Kofia

Ukiitazama kwa karibu kofia ya mzee wa Bwami, baada ya simbi na manyoya jicho litatua kwenye vifungo. Ni vifungo vya shati, vile vyeupe vya chaza vyenye matundu mawili au manne, vimeshonwa kimoja kando ya chenzake hadi ukindu uliosukwa chini yake unakaribia kupotea. Shati lenyewe halipo. Kuna mtu aliyevipata vifungo vilivyotoka ng'ambo, akaona kwamba kufunga kifua ni kazi ndogo mno kwa kitu kinachong'aa hivi, akavipandisha kichwani.

Naanzia hapo kwa sababu historia ya mavazi ya wanaume wa Kongo imezoea kuanzia kwingine. Husimuliwa kutoka Brazzaville na Kinshasa, wakati vijana walipozivaa suti za Paris, na mashariki ya nchi huingizwa baadaye, tena kama uwanja wa vita. Mimi nadhani ile akili ambayo wabunifu wa Ulaya waliipa jina la kijeshi, kikosi cha mbele, yaani kukitoa kitu kwenye kazi yake na kukipa kazi nyingine mbele za watu, ilikuwa na makao yake kwenye ufuo huu wa ziwa Tanganyika, kati ya Fizi na Baraka na bara lililo nyuma yake, zamani kabla jarida lolote halijaipiga picha.

Bwami ni chama cha hekima na madaraja, cha Walega na majirani zao Wabembe. Mtu alipanda ngazi kwa mafunzo na kwa mali, na kila ngazi ilikuwa na alama zake mwilini: kofia yenye simbi, ushanga, mkia wa tembo. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilikipiga marufuku. Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia wa Kibelgiji, alipoanza utafiti wake kwa Walega mwaka 1952, alikuta chama ambacho kisheria hakikutakiwa kuwapo, na kofia bado ziko vichwani. Wabembe wana pia alunga, kinyago cha umbo la kengele kinachomeza kichwa kizima. Kina uso mbele na uso mwingine nyuma, shada la manyoya na miiba ya nungunungu juu, na nyuzi nzito zinazomfunika mvaaji. Akitokea, huwezi kusema kama anakuja au anakwenda. Sijaona kwenye jukwaa la mitindo vazi lililouliza swali gumu kuliko hilo.

Kisha nguo zikaja, na zilikuja kwa maji. Aprili 1858 Richard Burton na John Speke walipiga kasia kutoka Ujiji kuelekea Uvira, wakaipita rasi ya Ubwari, ambayo Burton aliidhania kisiwa. Ghuba iliyoko kati ya rasi hiyo na Baraka bado imebeba jina lake kwenye ramani. Kwetu chenye faida zaidi ni orodha yake ya vitambaa. Kulikuwa na merikani, pamba isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts, iliyopelekwa Unguja na merikebu za Salem. Kulikuwa na kaniki ya nili kutoka India, na debwani, barsati na sohari, hii ya mwisho ikiitwa kwa jina la mji wa Sohar, Oman. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Mfanyabiashara wa msafara alipaswa kujua kijiji gani kinataka mistari na kipi kinataka miraba, ushanga upi unapendwa mwaka huu na upi umeshachosha watu. Aliyekosea alibaki na mzigo usionunua hata kuku. Mitindo ilikuwa ikipita na kusahaulika bara wakati London ikiamini huku watu huvaa chochote wanachopewa.

Kanzu nayo iliingia, lakini iliingia na damu. Kutoka Ujiji, Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, alitawala biashara ya pembe na ya watu kaskazini mwa ziwa mpaka Wabelgiji walipomshinda mwaka 1894. Katika miaka hiyo kijana wa Manyema aliyetia kanzu nyeupe na kofia ya kudarizi alikuwa anatoa tangazo: mimi ni mwungwana, siuzwi. Ni vigumu kupata nguo iliyobeba maana nzito kuliko hiyo, na wanaoandika juu ya kanzu kama vazi la sherehe tu huusahau upande huo.

Mzungu naye alituletea kioja chake, na kioja hicho kinastahili nafasi katika historia yoyote ya mavazi ya wanaume. Mwaka 1915 Waingereza walizisafirisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli, treni na kukokotwa msituni, hadi Lukuga, Kalemie ya leo, kusini mwa Fizi, ili kupigana na Wajerumani ziwani. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alivaa sketi. Ilikuwa sketi ya kaki, aliyoibuni mwenyewe na kushonwa na mkewe, kwa hoja kwamba inafaa kwenye joto. Waholoholo wa pale walimpa jina la Bwana Chifunga-tumbo, na wakajaa ufukoni kumtazama. Desemba 26 aliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Februari 1916 aliizamisha Hedwig von Wissmann. Sketi haikumzuia. Nitairudia baadaye.

Miaka ya ukoloni wa Ubelgiji naipita haraka, maana upande wa mavazi ilikuwa miaka ya sare na kaptula. Kilimo cha pamba kilifanywa cha lazima Kongo tangu 1917, na mtu alilazimishwa kulima zao ambalo baadaye alilinunua likiwa kitambaa. Kwa waliosoma, suti na tai ndizo zilizokuwa cheti cha kustaarabika. Patrice Lumumba aliipenda tai ya kipepeo. Kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, vijana wa miaka ya 1950 walijiita Bills, wakavaa kama wachunga ng'ombe wa sinema za Buffalo Bill, na mpigapicha Jean Depara akawahifadhi katika picha zake za usiku. Tazama tena: kofia ya mchunga ng'ombe mahali pasipo na ng'ombe. Ni kile kifungo kwenye kofia.

Tarehe 24 Aprili ina bahati ya ajabu katika habari hii. Tarehe hiyo mwaka 1965, alfajiri, Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akashukia Kibamba, katika Fizi, kuwasaidia waasi wa Simba. Alikuwa ametoka Kuba amenyolewa ndevu, ana miwani na suti kama mfanyabiashara, asitambulike. Milimani akapewa jina la Tatu, ndevu zikaota, na magwanda yakachukua mahali pa suti. Novemba mwaka huohuo aliondoka, ameshindwa. Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi hao, alibaki, na mwaka 1967 akaanzisha chama chake cha PRP katika milima hiyohiyo.

Miaka michache baadaye Rais Mobutu Sese Seko aliwavua wanaume wa nchi tai zao. Chini ya siasa ya kurudi kwenye uhalisi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, suti ya Kizungu ilikatazwa na mahali pake pakaja abakosti, koti lisilohitaji tai, ambalo jina lake limefinyangwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya suti na ianguke. Wakubwa wa Kinshasa walifunga skafu shingoni badala ya tai. Na abakosti bora kabisa, vazi la uhalisi wa Kiafrika, zilishonwa na kampuni ya Arzoni huko Zellik, karibu na Brussels. Mwandishi wa vichekesho asingethubutu kubuni hilo. Majirani walikuwa na lao: suti ya Kaunda, ya mikono mifupi, ilivuka mipaka bila kulazimishwa na mtu, na bado inazua ugomvi. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya aliipiga marufuku bungeni.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, akaruhusu tai irudi, huku akisema yeye mwenyewe hataivaa. Na tarehe 24 Aprili 2016 mwanamuziki Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan akafariki. Ndiye aliyekuwa ameipa nchi jibu kwa abakosti. Alizaliwa Lubefu, Sankuru, mwaka 1949, akaanzisha bendi ya Viva la Musica mwaka 1977, na vijana waliomfuata wakajifunza kwake kwamba kuvaa ni kuimba. Sape, kifupi cha chama cha wachangamfu na watu maridadi, ilikuwa na mizizi Brazzaville, lakini Kinshasa iliipa dini: Stervos Niarkos alihubiri kitendi, imani ya kitambaa. Alifariki mwaka 1995, na kila Februari 10 wafuasi wake hukusanyika kwenye makaburi ya Gombe, wamevaa kama maharusi.

Tofauti ya miji hiyo miwili ndiyo inayonivutia. Brazzaville inashika sheria: rangi tatu mwilini, zisizidi, viatu vya Weston, mwendo wa taratibu. Kinshasa ilipenda kuvunja. Mwaka 1981 Yohji Yamamoto na Rei Kawakubo walipoonyesha Paris nguo zao nyeusi, zenye matundu, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, waandishi wengi wa Ulaya walikereka. Wafuasi wa Sape wa Kinshasa walizipokea kama nguo zilizokuwa zikiwasubiri. Wakaongeza sketi za Kiskoti za wanaume, na hapo ndipo Bwana Chifunga-tumbo anaporudi, miongo mingi baadaye, safari hii akishangiliwa.

Mei 17, 1997 Kinshasa ilipokea jeshi la Kabila kutoka mashariki, na wengi wa askari wake, baadhi wakiwa watoto tu, walikuwa wamevaa mabuti ya mpira ya shambani. Nadhani ndiyo siku pekee ambayo mavazi ya mashariki yalipita katikati ya mji mkuu na watu wote wakayatazama miguuni.

Nirudi Baraka. Juu ya mji imesimama milima ya Mitumba. Chini, sokoni, imefunguliwa mitumba mingine. Mtumba ni mzigo uliofungwa, neno la wapagazi, na msomaji wa Dar es Salaam akisikia jina la milima hiyo hutabasamu. Robota likikatwa kamba, makoti ya sufu ya majira ya baridi ya Ulaya humwagika kwenye turubai, ziwani, mahali ambapo jua la saa sita halina huruma. Huko juu Minembwe, zaidi ya mita 2,000, koti hilo lina kazi: linakinga baridi. Huku chini halina kazi yoyote, na ndiyo maana kijana analitaka.

Anamchukulia fundi. Fundi analigeuza ndani nje kwanza, kwa sababu koti husema ukweli upande wa bitana. Kwa wembe anafumua mshono wa bega, anatoa pedi mbili zilizokuwa zimempa mwenyewe wa kwanza mabega ya bosi, anazitupa pembeni. Anapunguza mbavu, anaacha urefu. Wakati mwingine mteja huziokota zile pedi na kuomba zirudishwe, kwa nje, juu ya bega, zionekane. Fundi anacheka, anakanyaga cherehani, anazishona. Pasi ya mkaa inamaliza. Hakuna aliyemwambia kijana huyo kwamba huko Paris kuna watu waliojenga majina kwa kuonyesha nje yaliyokuwa ndani.

Kamera ziliifuata Sape kwa kuchelewa. Mhispania Hector Mediavilla alianza kupiga picha Brazzaville mwaka 2003. Mwitaliano Daniele Tamagni alichapa kitabu chake juu ya waungwana wa Bacongo mwaka 2009, na Paul Smith wa Uingereza akatunga mkusanyo wake wa majira ya kiangazi 2010 kwa kukiangalia. Mwaka 2012 mwimbaji Solange akautia mtindo huo kwenye video yake iliyopigwa Cape Town. Mwaka 2014 tangazo la bia ya Guinness likaufikisha kwenye televisheni. Kazi nyingine ni nzuri. Ila picha imekuwa ileile: suti ya waridi, dimbwi la maji, ukuta wa mabati nyuma. Mtazamaji anaombwa ashangae kwamba maskini ana tai. Hiyo si habari ya mitindo. Na huku Fizi kamera hufika bunduki zikilia, humpiga mtu picha akiwa amebeba godoro, na hakuna anayeandika ni kofia gani aliyochagua kuivaa siku ya kukimbia.

Wengi walikimbia, tangu 1996, wakavuka kwenda Kigoma na kambi ya Nyarugusu, na ndani ya mizigo walibeba albamu. Zimo picha za studio: baba kwenye abakosti, mjomba na suruali ya miguu mipana, kaka na koti lililogeuzwa. Kama unayo moja, iwe Baraka, Nyarugusu au popote ulipohamia, igeuze leo. Andika nyuma yake kwa kalamu ya risasi jina la aliyevaa, mwaka, mahali, na jina la fundi aliyeshona.