Rufaa ya Mnywa Sere

Wanaotoka Tabora mjini kwenda Kwihara huwa wanafuata tembe alilokaa Livingstone pamoja na Stanley mwaka 1872. Mimi njia hii ya zamani ya misafara naifuata kwa ajili ya kesi ya ushuru ambayo haikufika mahakama yoyote.

Leo mtu akikata rufaa kuhusu hataza ya bati la kuzibia pale paa linapokutana na ukuta, majaji husoma madai ya hataza neno kwa neno, wajue haki yake inaanzia wapi na inakomea wapi. Mwaka 1860 Unyanyembe, utemi wa eneo hili, haikuwa na waraka wa kusomwa. Ilikuwa na desturi, na kila upande uliieleza kwa faida yake.

Kutoka Bagamoyo, watemi wa njiani walitoza hongo, yaani malipo ya kupita; Ugogo haukuvukwa bila kutoa nguo na shanga. Lakini Waarabu waliolowea Kazeh, mahali palipozaa Tabora, walifanya biashara chini ya Mtemi Fundikira bila kutozwa ushuru wa bidhaa. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika hapo Novemba 1857, mwenyeji wao Snay bin Amir alikuwa tajiri aliyetulia. Kisha Fundikira akafariki, Mnywa Sere akarithi kiti na kutangaza kodi juu ya kila shehena inayoingia nchini mwake.

Waarabu walikataa. Walichopewa na Fundikira walikihesabu kuwa haki yao ya kudumu. Kwangu hoja hiyo ni dhaifu: mtemi aliyesamehe ushuru hakumfunga mrithi wake asiudai, hasa pale ambapo hakuna anayeweza kuonyesha ahadi ya namna hiyo. Hata hivyo wenye bunduki hawakungoja kubishana. Walimwondoa Mnywa Sere, wakamsimika Mkasiwa.

Mwaka 1861 Mnywa Sere, sasa akiishi porini na wafuasi wake, alimwendea Speke aliyekuwa safarini kurudi Kazeh, akamsimulia kisa chake na kuomba usuluhishi. Hiyo ndiyo rufaa yake pekee, tena kwa msafiri asiye na mamlaka juu ya yeyote. Speke alikubali kujaribu. (Si kwa huruma tupu: vita vilikuwa vimemkosesha wapagazi.) Mazungumzo yakavunjika, na mwaka huohuo Snay akauawa vitani.

Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walikwaruzana na Mirambo, naye akaifunga njia ya Ujiji. Mtawala mwingine, ugomvi uleule wa nani mwenye njia.

Kwa hukumu yangu Mnywa Sere alionewa, maana walioshitakiwa ndio waliokata shauri. Aliuawa mwaka 1865. Mkasiwa alikaa kitini hadi 1876.