Shule ya Gando: Jengo lililoshinda joto na kuwa kitovu cha kijiji

Aliyewahi kusomea chini ya paa la mabati katika maeneo kame anaijua adha yake. Jua la utosini likifika, darasa huwa tanuri na mwalimu huhubiria waliosinzia.

Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, aliionja adha hiyo. Kwao hapakuwa na shule, hivyo akiwa na umri wa miaka saba alipelekwa mjini Tenkodogo, akabanana na wenzake zaidi ya mia moja katika darasa lisilopitisha hewa. Baadaye, akiwa bado mwanafunzi wa usanifu majengo jijini Berlin, Ujerumani, alichangisha fedha za kujenga shule ya msingi kwao. Ilikamilika mwaka wa 2001.

Alipotaja udongo, wanakijiji walisita, kwani kuta za udongo walizozijua huporomoshwa na mvua. Kéré aliuchanganya na saruji kidogo, ukashindiliwa kuwa matofali imara ambayo huchelewa kupata joto. Hata hivyo, siri kubwa imo paani. Dari ni ya matofali yaliyoachiwa matundu, na mabati yameinuliwa mbali juu yake kwa fremu za nondo. Hewa moto hupanda kupitia matundu hayo, nao upepo unaovuma chini ya mabati huiondoa. Paa limetokeza nje ya kuta, likazikinga dhidi ya jua na mvua.

Kijiji kizima kilishiriki: watoto walibeba mawe, akina mama wakateka maji, vijana wakafunzwa kuchomelea nondo, ujuzi uliowapa riziki hata kwingineko. Kati ya madarasa hayo matatu mna nafasi wazi zilizoezekwa, ambako watoto hucheza na hata kusoma kivulini.

Mwaka wa 2004 shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Nyumba za walimu zilijengwa, madarasa yakaongezwa, na wanafunzi wakapanda kutoka 120 hadi 700. Mnamo 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Pritzker.

Humu nchini, kazi yake iko kando ya Ziwa Turkana. Ni chuo cha teknolojia cha Startup Lions, kilichokamilika mwaka wa 2021. Minara yake mirefu, iliyoigwa kutoka kwa vichuguu vya mchwa wa eneo hilo, hutoa hewa moto nje huku hewa baridi ikiingia kupitia matundu ya chini.